Mvumo Ndani ya Waya

Mwezi uliopita nilimpeleka baba kupimwa masikio. Amezeeka sasa, na miaka yote ile ya kukata vyuma bila kuziba masikio imemdai haki yake. Mtaalamu, binti mdogo mwenye mikono ya upole, alichanganya ute wa rangi ya waridi kwenye kibakuli, akauvuta kwa bomba la plastiki na kuumimina taratibu ndani ya sikio la baba ili apate umbo lake. Harufu ikanifikia nilipokuwa nimekaa. Inafanana na rangi ya kucha iliyochanganywa na kitu kitamu kidogo, kama ubani wa kutafuna. Nilishindwa kukaa. Nilitoka nikasimama kwenye korido huku nikitazama watu wakipita, na kwa muda sikuwa mama wa watoto wawili, nilikuwa mtoto wa mtaa wa Sakina, Arusha, ninayemsubiri dada yangu atoke mlangoni akiwa amepona.

Tulikaa nyuma ya barabara ya Nairobi, mahali ambapo usiku mabasi yalitikisa vioo vya dirisha na mchana vumbi liliingia hadi kwenye chumvi. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea. Mbele ya nyumba yetu ndipo palipokuwa karakana yake: mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma, na katikati ya vyote hivyo mashine ya kuchomelea, sanduku zito la bati lililotoa kebo nene nyeusi mithili ya nyoka aliyeshiba. Mama alifuma masweta, kwa sababu Arusha ina baridi na wateja hawakosekani. Watoto tulikuwa wawili, Eliakunda na mimi. Yeye tulimwita Kunda. Alinizidi miaka minne, na mimi, Tumaini, nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza shule.

Kunda hakuzaliwa kiziwi. Aliugua homa ya uti wa mgongo, akalazwa muda mrefu, na aliporudi nyumbani alikuwa mwembamba na mkimya. Ilichukua siku kadhaa kabla ya mama kugundua kwamba ukimya ule haukuwa wa uchovu. Mama alikuwa amempa mgongo, anakoroga uji, akamwita. Akaita tena. Akageuka akamkuta Kunda amekaa palepale, anatazama moto, hana habari. Namkumbuka mama akiwa na mwiko mkononi, uji ukidondoka sakafuni tone moja moja.

Baadaye walimpeleka hospitali upande wa Moshi, na huko ndiko walikomimina ule ute wa waridi. Mimi niliachwa kwenye benchi la nje, nikanusa harufu yake kupitia mlango uliokuwa wazi nusu. Nilidhani wanaziba tundu. Kwa akili yangu, ugonjwa ulikuwa umemtoboa sikio na sauti zilikuwa zinavuja, sasa wanamziba kama baba anavyoziba tundu la tangi. Basi nilijua akitoka atakuwa mzima.

Alitoka na kifaa cha rangi ya udongo kilichokaa nyuma ya sikio, kimeunganishwa kwa mrija mwembamba na kipande kilichoingia ndani. Sisi tulikiita mashine. Pembeni kilikuwa na swichi ndogo sana, na karibu yake herufi tatu: O, T, M. Waliomfundisha mama kukitumia walimwambia kiwe kwenye M akivaa, na kwenye O akilala. Kuhusu T, mama alisema hakumbuki wameambiwa nini.

Sisi tulijijibu wenyewe. Jioni ile, kitandani, Kunda alikiweka kwenye kiganja tukakisoma pamoja. "O ni sifuri," alisema. "Hakuna kitu." M ilikuwa rahisi: Mama. Na T, bila shaka, ilikuwa Tumaini. Sikushangaa hata kidogo. Niliona ni haki yangu. Nani mwingine alilala naye kitanda kimoja? Nani alimwambia kwa vidole kila kilichosemwa mezani? Wataalamu wa Moshi walikuwa wameniona pale kwenye benchi, wakanipa nafasi yangu.

"Weka kwenye mimi," nilimwambia.

Akasukuma swichi. Nikasogea karibu na sikio lake, nikasema, "Dada Kunda, unanisikia?"

Alikunja uso. Akanitazama mdomo. "Sema."

"Nimesema!"

"Husemi. Unavuma tu," akasema. "Mmmmm. Kama nyuki kwenye mzinga."

Nililia usiku ule nikiwa nimeugeukia ukuta. Nilikuwa nimepewa herufi yangu mwenyewe, na humo ndani sikuwa na maneno, nilikuwa mvumo. Sikujua kwamba kitanda chetu kilikuwa kimeegemea ukuta unaopitisha waya wa umeme kwenda jikoni, ambako mama alikuwa anapiga pasi sare zetu.

Kunda ndiye aliyeng'amua kwamba ule mvumo haukuwa wangu. Siku mbili tatu baadaye alinifuata uani, macho yamemtoka. "Tumaini, siyo wewe. Ni ukuta." Akanivuta hadi chumbani. Akapitisha kichwa chake taratibu kando ya ukuta, kutoka dirishani kwenda mlangoni, na mahali fulani akasimama. "Hapa." Juu yake palikuwa na soketi. Akainamisha kichwa begani, akatabasamu. "Nikilala hivi unakwisha. Nikisimama unarudi."

Tangu siku hiyo huo ukawa mchezo wetu. Mimi nilikuwa nawasha na kuzima, yeye akiwa amefumba macho anasema "upo" au "haupo". Taa ya chumbani ilikuwa na mvumo mdogo, ilibidi karibu abusu ukuta. Pasi ilikuwa na mvumo mnene. Lakini hakuna kilichoifikia kebo ya baba. Baba alipokuwa anachomelea, Kunda alitembea uani, mbali na cheche kama tulivyoamriwa, akiufuata mstari wa kebo ile iliyolala mchangani. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Aliniambia kwamba akiikaribia sauti inapanda kama mtu anayekuja mbio, na akiondoka inashuka. Kwenye T hakusikia grenda ya kukatia chuma wala mabasi wala majirani. Ni waya tu, mpana na mtulivu. Nilimwona akizunguka pale kwa hatua za pole huku mikono imeinuka kidogo, na wapita njia walidhani ana lake jambo.

"Anakuita?" nilimuuliza siku moja. Niliamini lazima kuna mtu ndani.

"Haniiti," alisema. "Ananikuta tu."

Shuleni mambo hayakwenda vizuri. Darasa lilikuwa limejaa, madawati yanaburuzwa, watoto wanaitikia kwa pamoja, mvua ikinyesha juu ya bati mwalimu mwenyewe haambulii kitu. Kwenye M vyote hivyo vilimwingia Kunda sikioni kwa mkupuo mmoja, vikubwa na vikali, na sauti ya mwalimu ilizama humo humo. Kwa hiyo alisukuma swichi. Alikaa kwenye T saa nzima akitazama ubao, akisikiliza waya wa taa juu ya dari, kama upo. Mwalimu alimwita mama akamwambia, kwa huruma kabisa, kwamba mtoto hasikii hata akiwa na mashine, na kwamba ipo shule ya bweni ya watoto viziwi ambako angesoma vizuri zaidi.

Baba hakutaka kusikia. "Mtoto wangu si kiziwi," alisema mezani. "Ana mashine."

"Mashine haimsaidii, Baba Kunda," mama alisema.

"Basi turekebishe mashine."

"Twende tukaione hiyo shule. Kuona tu."

Walikwenda kuiona, wakamchukua Kunda, wakaniacha kwa jirani. Waliporudi baba alikuwa kimya na mama alikuwa kimya, na Kunda naye hakusema lolote. Mimi ndiye niliyesema. Niliwaambia kwamba Kunda anasikia, anasikia sana, ila kwa Tumaini. Mama alinitazama kwa uchovu. "Tumaini ndio wewe, mwanangu. Kamalizie maziwa yako."

Aliyenielewa alikuwa mjomba Samweli, mdogo wake mama, ambaye alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na amplifaya kule Sokon. Ndiye aliyesimamia vyombo vya muziki vya kwaya kanisani kwetu. Alikuja Jumapili moja baada ya ibada, tukala loshoro, ule mseto wa ndizi na maziwa ya mgando ambao mama alijifunza kwao Meru, na nilipomsalimia shikamoo nikaunganisha hapohapo: "Mjomba, Kunda akiweka kwenye Tumaini anasikia nyaya."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Anasikia nini?"

Tulimwonyesha. Kunda alifumba macho, mimi nikachomeka pasi. "Upo." Nikachomoa. "Haupo." Mjomba mwenyewe akaenda jikoni, akajificha, akachomeka na kuchomoa apendavyo. Kunda hakukosea. Baba alikuwa ameshika kijiko hewani muda wote huo.

"Shemeji," mjomba alimwambia baba, "lete betri ya gari na taa." Baba alikuwa na betri ya kuwashia televisheni umeme ukikatika. Mjomba aliunganisha taa ndogo kwa waya mrefu, akauweka waya karibu na sikio la Kunda, akawa anagusisha na kuachia. Kila alipogusisha Kunda alisema, "Ta." Alipoachia, "Ta." Alipouacha waya umegusa na taa inawaka, Kunda alitikisa kichwa. Hakuna kitu.

"Unaona?" mjomba alisema, na sasa alikuwa akimwambia kila mtu. "Humu ndani kuna koili, waya mwembamba umezungushwa mara nyingi, na ukiweka T ndiyo inayosikiliza. Umeme unaopita kwenye waya wowote unajizungushia sumaku. Sumaku ikitulia, koili haina habari. Ikibadilika, koili inazalisha umeme wake yenyewe bila kuguswa. Wa betri umetulia, ndiyo maana Kunda hausikii. Umeme wa ukutani hautulii, unakwenda na kurudi, kwa hiyo unavuma." Alimgeukia Kunda, akasema polepole aweze kumsoma midomo: "Sasa usiguse waya. Sogeza kichwa tu. Haraka."

Kunda alipeleka kichwa mbele na nyuma kando ya waya wa betri. Aliwaza. "Kama pumzi," alisema. Mpaka leo sijui kama alisikia kweli au alitaka tu kumfurahisha mjomba. Lakini mjomba alipiga kofi paja lake. "Umetulia waya, umesogea wewe! Ni kitu kilekile."

Mimi nilielewa jambo moja tu katika hayo yote, kwamba T haikuwa jina langu. Nililiweka hilo moyoni.

Wiki iliyofuata mjomba alirudi na amplifaya ya kanisani, kipaza sauti, na bunda la waya. Aliupitisha waya kuzunguka sebule yetu yote, nyuma ya makochi, juu ya mlango, chini ya dirisha, akarudia mara kadhaa maana alisema ukiwa mfupi utaunguza amplifaya. Ncha zote mbili akaziunga mahali pa spika. Hapakuwa na spika. Baba alimsaidia kupigilia misumari bila kuuliza, na mimi nilijua ni kwa sababu anaogopa kutumaini.

"Sauti itageuka umeme," mjomba alisema. "Umeme utazunguka chumba. Yeye yuko katikati."

Kunda aliketi kwenye stuli katikati ya sebule. Akasukuma swichi. Mjomba alipuliza kwenye kipaza sauti, na Kunda akaruka.

Mama ndiye aliyeanza. Alikishika kile chombo kwa mikono miwili. Hakukuwa na sauti yoyote kubwa ndani ya chumba, ilikuwa sauti yake ya kawaida, tena ya chini. "Kunda mwanangu. Ni mama." Kunda alikuwa amempa mgongo, mjomba ndivyo alivyotaka, asisome midomo. Nilikuwa mbele yake nikamwona uso. Ulifunguka. Sina namna nyingine ya kusema. Ukafunguka, na machozi yakatoka bila yeye kulia.

"Sikujua sauti yako iko vile vile," alisema.

Baba alipewa kipaza sauti akakohoa. Mtu yule aliyekunja vyuma siku nzima alitafuta neno akalikosa. Mwishoni akasema, "Kunda. Umekula?"

"Nimekula, baba."

"Haya." Akamrudishia mjomba, akatoka nje, akarudi.

Kisha baba alianza kuongea haraka, akisema atamwona mwalimu mkuu, wataweka waya darasani, yeye mwenyewe atapigilia, mtoto atasoma hapahapa Sakina na habari ya bweni imekwisha. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa huku akifuta macho. Katika furaha hiyo nilinyakua kipaza sauti. Nilikuwa nimesubiri zamu yangu kuliko wote. Nilikuwa nimepanga kuimba. Badala yake nikasema kilichokuwa kimenikaa kooni tangu waliponiacha kwa jirani.

"Kunda, usiende ile shule."

Kunda aligeuka kwenye stuli akanitazama.

"Nataka kwenda," alisema.

Baba alidhani Kunda hakusikia vizuri. Alichukua kipaza sauti akaeleza tena, taratibu, kuhusu waya wa darasani. Kunda alimsikiliza hadi mwisho. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kwamba mtu alimweleza jambo refu bila kupiga kelele na bila kukata tamaa katikati. Alipomaliza, Kunda alisimama, akatembea hadi mlangoni, akatoka nje mpaka kwenye mageti ya baba. Tulimwona kupitia dirishani. Baba aliendelea kusema kwenye kipaza sauti, "Kunda, unanisikia? Kunda?" Yeye alisimama pale kati ya vyuma, akionyesha sikio lake na kutikisa kichwa. Kisha akarudi ndani, akakaa tena.

"Nikitoka nje ya waya?" aliuliza.

Mjomba alitazama chini. "Ukitoka nje sauti haifiki," alisema, kisha akakumbuka kusema kwenye kipaza sauti. "Haifiki, Kunda. Ni humu tu."

"Sasa nitacheza wapi?"

Ndipo akatusimulia alichokiona siku ile walipokwenda. Sisi tulidhani alinyamaza kwa huzuni. Alisema kulikuwa na wasichana wameketi kwenye majani wanaongea kwa mikono, wengi kwa pamoja, na mmoja alisimulia kitu wote wakaanguka kwa kucheka. "Mimi sikujua wanacheka nini," alisema. "Lakini nilitaka kujua. Hapa nimeacha kutaka." Akaongeza, akimtazama mama, "Hapa wote mnanipenda halafu mnanipigia kelele."

Mama alikwenda akapiga magoti mbele yake, akalaza kichwa kwenye mapaja yake. Baba alikaa kwenye kochi akiwa ameshika kile kipaza sauti kwa muda mrefu. Nje mlima Meru ulikuwa umefunikwa na mawingu, hauonekani, na kulikuwa na baridi ile inayoingia hata mlango ukifungwa. Hatimaye baba alikiinua mdomoni. "Utakwenda," alisema. "Lakini likizo zote unakuja. Na jioni tutakaa hapa." Waya ule haukutolewa ukutani. Jioni zote zilizobaki kabla hajaondoka tulikaa ndani yake, tukapokezana kusema, na Kunda alituuliza maswali yote aliyokuwa amelimbikiza: jirani alihama kwa nini, mchungaji alisema nini siku ya mazishi ya bibi, ule wimbo nilioimba shuleni unakwendaje. Niliuimba. Baba aliimba pia, vibaya sana.

Kunda alipoondoka nilimkasirikia. Nililala katikati ya kitanda chetu na kunyoosha mikono na miguu, na bado kilikuwa kikubwa mno. Niliona kwamba tulimfanyia kila kitu, tulimzungushia hata nyumba nzima waya, na bado hakututaka. Mtoto anaweza kuishi na wazo la namna hiyo miezi mingi bila mtu kujua, na mimi niliishi nalo.

Siku ya wazazi shuleni kwake, baba na mama walinichukua. Nilikuwa nimejiandaa kununa. Tuliingia uwanjani, penye watoto wengi kuliko nilivyotegemea na ukimya ambao haukuwa ukimya, maana miguu ilikwaruza mchanga na watu walicheka kwa sauti kubwa za ajabu. Nilimtafuta Kunda nikamwona mbali, hajavaa mashine, mikono yake inakwenda kwa kasi mbele ya wenzake watatu. Sikuwahi kumwona akisema haraka hivyo tangu augue. Nikasimama. Sikujua niingilie wapi.

Msichana mmoja kati ya wale aliniona kabla yake. Alinikazia macho, uso ukamchangamka, akamgusa Kunda bega. Kisha akashika pindo la sketi yake mwenyewe kwa vidole viwili, akalivuta chini mara mbili, haraka, na kunielekezea kidole. Wale wengine wakageuka. Nao wakafanya vilevile, wakavuta pindo za sketi zao, mara mbili, wakicheka na kunipungia.

Kunda alikuja mbio akanikumbatia. Nilimuuliza, nikitamka polepole, wale wanafanya nini.

"Wanakuita," alisema. Akashika sketi yake akavuta. "Hivi. Huku kila mtu ana jina la mikono. Lako nilikupa mimi, kwa sababu ulikuwa unanivuta hivi kila nikienda mahali."

"Wananijua?"

"Wanakujua wote," alisema dada yangu. "Nimewasimulia."